Twiga Hawali Hapa

Chitema mchora mabango alikuja saa tano,
saa ya maharage kuchemka kwa fujo,
hadibodi kwapani, na makopo ya rangi
iliyobaki alipoandika duka la dawa Barabara ya Tisa.
"Mama Sechelela, usitikisike."
Nisitikisike vipi, nikamuuliza,
ugali wa watu thelathini ujisonge wenyewe?

Nikamwambia angoje Jumapili.
Nina kitenge cha buluu, kile cha kipaimara cha mwanangu,
nina hereni, nitajipaka mafuta hadi viwiko.
Akatikisa kichwa. Akatoa mfukoni
ukurasa uliokunjwa mara nne, umechanika kwenye mikunjo,
wa kitabu alichokikuta ndani ya robota la mitumba, Sabasaba:
picha ya Marekani, mji mkubwa, zamani,
mikokoteni bado inavutwa na farasi.

Nilitarajia maghorofa yanayong'aa.
Nikaona kamba za nguo kutoka nyumba hadi nyumba,
soksi zimetoboka, theluji imechanganyika na kinyesi cha farasi,
wanaume wanaizoa kwa koleo, migongo imepinda,
na dirishani mwanamke mnene, kiwiko juu ya fremu,
anawatazama kama anayehesabu nani atakula leo na nani hana.
Nikasema: huyu anapika.
Chitema akacheka. "Mbona hakuna chungu?"
Nikasema: tazama kiwiko.

Basi nikamwacha achore.
Akakalia ndoo, karibu na karo la vyombo,
upepo wa Julai ukimtilia vumbi kwenye rangi,
naye hakulipangusa, alilikoroga humo humo,
akasema hii ndiyo Dodoma, kahawia ya bure.
Mafundi wakaja kutoka kwenye majengo ya serikali,
saruji kwenye kope,
wakala, wakatoka. Bodaboda wakala, wakatoka.
Muuza zabibu akaweka beseni chini,
vishada viwili kwa sahani ya wali, tukaelewana.
Mimi nilisonga, nikapakua, nikautukana mkaa wenye mawe.

Siku ya nne akageuza ubao.
Nilitafuta uso wangu. Haupo.
Upo mgongo wangu, mpana kama mlango wa ghala,
na kisigino kimepasuka kama shamba la uwele mwezi wa kumi.
Nilimnyima chai.
Halafu nikatazama tena, kwa kuibia.
Mkono ule ulioshika mwiko
ni wa mama yangu, wa Mvumi,
aliyekufa bila hata picha ya kitambulisho.

Bwana mmoja wa ofisini, viatu vinang'aa kushinda sufuria zangu,
akataka kuununua kwa ajili ya ukumbi.
"Ila toa hiyo ndoo ya maji machafu. Weka twiga wawili."
Chitema akamtazama mpaka wali wake ukapoa.
"Twiga hawali hapa."

Ukabaki kwangu. Niliupigilia upande unaoingiza upepo.
Ndipo Nyemo wa bodaboda akaacha kutafuna,
akanyoosha kidole chenye mlenda:
"Jamani, yule pale kwenye kona si Fundi Mwaluko?"
Ni yeye. Nyuma ya bega langu, mdogo kama kidole gumba,
kijiti mdomoni, mguu mmoja tayari nje,
anatoka kwa ule upole wa mtu asiyelipa.

Kibanda kilicheka hadi benchi likaanguka.
Mwaluko mwenyewe alikuwepo, tonge hewani.
Alicheka wa mwisho. Akatoa elfu mbili,
noti laini kama leso,
akaiweka chini ya chupa ya pilipili.
Kisha akamwinamia Chitema:
"Sasa nifute."

Chitema alikuwa anaosha brashi kwa mafuta ya taa.
"Siku ile ulikuwa hujalipa."

Hadi leo yuko pale, anatoka.
Moshi unamla polepole, yeye na mgongo wangu.
Kila mchana huja kukaa benchi lile lile,
chini yake mwenyewe,
na hulipa kabla hajanawa mikono.